Bega la Kushoto

Kambi nzima ilimwita Mkongojo, naye aliitika bila kinyongo. Jina la kuzaliwa lilikuwepo, liliandikwa kwenye kadi ya mgao, lakini hata karani wa kugawa unga alishalisahau. Mumewe alikuwa kinyozi wa mguu mmoja. Popote alipokwenda mwanamume huyo, bombani, kliniki, kwenye foleni ya sabuni, mkono wake wa kulia ulikuwa shingoni mwa mkewe na uzito wake wote umelala kwenye bega lake la kushoto. Watu walisema hao wawili ni chanda na pete. Mkongojo akisikia hivyo alijifanya hakusikia, kisha njia nzima akatembea kwa madaha, kadiri mtu anavyoweza kutembea kwa madaha akiwa amebeba mwanamume mzima.

Walikutana mpakani, kwenye foleni ya kuandikishwa. Yeye alikuwa peke yake na furushi la nguo. Kinyozi alikuwa ameketi chini, kigutu chake kimefungwa bendeji, na waliomleta walikuwa wamekwishasonga mbele. Mguu wake, kuanzia chini ya goti, ulibaki katika hospitali ya huko walikotoka. Mkongojo alimpa bega ili wafike mezani kwa karani, na tangu hapo hakudai arudishiwe. Walioana walipofika kambini, mashahidi wakiwa wamekalia madumu ya maji.

Kwa hiyo hakuwahi kumwona mumewe na miguu miwili, na kwa kweli hakuwahi kutamani kumwona hivyo.

Kazi yenyewe ya kunyoa waliifanya wawili. Kinyozi alikaa juu ya stuli ndefu mbele ya nyumba yao ya turubai, mteja akakaa chini kwenye kigoda. Kwa kuwa hakuweza kumzunguka mteja, Mkongojo ndiye aliyemzungusha mteja. Aligeuza vichwa vya watu wazima kwa vidole viwili, akainamisha shingo, akakunja sikio lisikatwe, akapokea wembe na kuukosha na kuurudisha kabla haujaombwa. "Taratibu, Mkongojo, hiyo ni shingo yangu," wateja walilalamika. Aliwajibu kwamba wakitaka kubembelezwa wamtafute kinyozi mwenye miguu miwili. Kambini hapo hakuwepo.

Halafu mguu ukaja.

Watu wa shirika la afya walileta kontena, wakalitoboa dirisha, wakaliweka ubavuni mwa kliniki na kuliita chumba cha mazoezi. Ndani mlikuwa na mikeka, vyuma viwili virefu vya kushikilia mtu anapojifunza kutembea, na kioo cha kumtosha binadamu tangu utosini hadi vidoleni. Fundi wa miguu alikuja na plasta yake, akapima kigutu, akaondoka, akarudi na mguu wa rangi ya udongo uliokwishavishwa kiatu. Na pamoja na mguu akaja wa kuufundisha kazi. Alikuwa mwanamke wa rika la Mkongojo mwenyewe, mrefu, nywele kazibana nyuma, amevaa raba nyeupe. Katika vumbi lile la kambi, ambalo liliingia hadi kwenye chumvi, raba zile zilibaki nyeupe kuanzia asubuhi mpaka jioni, na hilo Mkongojo hakumsamehe. Wagonjwa walimwita Dada wa Mazoezi.

Siku ya kwanza Mkongojo aliingia na mumewe kama walivyoingia kila mahali. Dada wa Mazoezi akamgusa mkono.

"Dada yangu, wewe utatusubiri nje kwenye benchi. Ukiwepo ataegemea wewe, na mguu hatauamini."

Mkongojo alimtazama mumewe ili amsikie atasema nini. Mumewe alikuwa ameshika vyuma vyote viwili, macho yapo kwenye kile kioo.

"Subiri tu hapo nje, mke wangu," alisema.

Akatoka akakaa. Bega lilikuwa jepesi, na wepesi huo haukumfurahisha hata kidogo. Baada ya kitambo akasikia kicheko kutoka ndani. Kilikuwa cha mumewe, kile cha kutoka tumboni, ambacho Mkongojo alikuwa amekihangaikia miezi mingi ya mwanzo wa ndoa yao, wakati mwanamume yule alipokuwa akishinda ameutazama ukuta wa turubai. Alijua kazi aliyoifanya kukitafuta. Na sasa mwanamke wa raba nyeupe kakipata asubuhi moja tu, bila jasho.

Msimcheke haraka. Kama umewahi kukaa nje ya mlango uliofungwa ukamsikia mumeo akicheka ndani na mwingine, huhitaji kuelezwa. Na kama hujawahi, shukuru, na umwache mwenzako aumwe roho kwa nafasi.

Jirani yao alikuwa mwanamke aliyeitwa Redio, kwa sababu hakuwa na mahali pa kumzimia. Alitoka mji mmoja na kinyozi. Mengi aliyajua, na asiyoyajua aliyatia chumvi yakawa matamu kuliko yale ya kweli. Alikuja kliniki kuchukua dawa za presha akamkuta Mkongojo benchini.

"Wanafanya nini humo muda wote huo?" Redio aliuliza.

"Mazoezi."

"Ya mguu mmoja tu?"

"Redio, nenda kachukue dawa zako."

"Naenda, naenda. Mimi sisemi kitu." Akakaa. "Ila huyo mumeo nimemjua kabla yako. Kwetu alikuwa mcheza dansi. Ukumbi unajaa mpaka mlangoni, wasichana wanagombana nani acheze naye. Ukimpata wimbo mmoja, wiki nzima unatamba."

"Huyu wangu?"

"Wako wa sasa hivi, jirani. Wakati ule alikuwa wa watu."

Katika mambo yote aliyosimuliwa na mumewe, nyumba, duka lake la kunyolea, mama yake, dansi halikutajwa hata mara moja. Yeye alikuwa ameolewa na mtu asiyeweza kufika chooni bila bega lake, na aliridhika naye. Huyo mwingine wa ukumbini hakumjua kabisa. Ikawa kama kule ndani ya kontena wanamtengenezea mtu, kipande kwa kipande, na akimalizika atatoka na miguu yake miwili kwenda kutafuta watu wa kufanana naye.

Siku iliyofuata alilizunguka kontena, akapanda juu ya dumu na kuchungulia dirishani. Dada wa Mazoezi alikuwa amechuchumaa mbele ya kinyozi, mikono yake miwili ipo kwenye nyonga zake.

"Usitazame chini," alikuwa akisema. "Tazama kioo. Nyonga ilete huku. Huku. Eeh, hapo hapo."

Kinyozi alikuwa akitazama kioo, na katika kile kioo walikuwemo wawili. Mkongojo alijaribu kusogea aone vizuri uso wa mumewe. Dumu likateleza, akaanguka chini kwa makalio kwa kishindo kilichosikika hadi kwenye dirisha la dawa. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni waligeuza nyuso upande mwingine kwa adabu kubwa, na adabu hiyo ilimkera kuliko kama wangecheka.

Nyumbani hali ilikuwa vilevile. Mumewe alikuja na mapya kila siku, na mapya yote yalikuwa na mwenyewe. Dada wa Mazoezi kasema nisikae muda mrefu goti likiwa limekunjwa. Dada wa Mazoezi kasema ninywe maji mengi.

"Na jinsi ya kulala, amesema?" Mkongojo aliuliza siku moja, huku akichambua maharage kama mtu anayeyang'oa meno.

"Amesema," kinyozi alijibu, wala hakuona mtego. "Kifudifudi, japo kwa muda mfupi. Ati misuli ya paja inyooke."

Akalala kifudifudi. Mkongojo alitazama kisogo chake, akatafakari, akarudi kwenye maharage.

Kisha Dada wa Mazoezi akamwita yeye mwenyewe ndani. Mkongojo aliingia kidevu juu, amejiandaa kwa lolote. Hakukuwa na lolote. Alionyeshwa soksi nene nyeupe za kuvalishwa kigutu kabla ya kuingia kwenye mguu.

"Hizi ndizo roho ya mguu," Dada wa Mazoezi alimwambia. "Kila siku zifuliwe. Na ukishazifua, uzisuuze mpaka maji yatoke meupe kabisa. Sabuni ikibaki ndani, akitoka jasho ngozi inaungua. Kigutu si kama unyayo, hakijazoea shida. Kazi hii naiacha kwako kwa sababu yeye atafanya haraka haraka."

Mtu mwingine angesikia kwamba anaaminiwa. Mkongojo alisikia kwamba mmoja amepewa nyonga na mwingine amepewa kufua.

Hata hivyo alizifua, na mwanzoni alizisuuza vizuri. Tusimsingizie. Alijikaza mpaka ile asubuhi kinyozi alipoinuka kwenye stuli, akachukua dumu dogo na kusema anakwenda bombani.

"Ngoja nijifute mikono," alisema Mkongojo.

"Hapana, wewe maliza hayo. Nafika mara moja."

Akaenda. Akaenda akiyumba kidogo, lakini akaenda, na mkono wa kulia uliokuwa wa shingo yake Mkongojo ulining'inia bure hewani. Wanawake waliokuwa bombani walipiga vigelegele. Mmoja akamsukumia dumu lake mbele ya foleni. Redio alikuwa mlangoni kwake, na alichelewa sana kusema, yaani alingoja mpaka kinyozi akapita.

"Haya, Mkongojo. Sasa sisi tukuiteje?"

Na si hayo tu. Jioni kinyozi alinyoa akiwa amesimama. Alimzunguka mteja mwenyewe, akaja mbele, akaenda nyuma, akakunja sikio kwa mkono wake. Mkongojo alisimama kando ameshika kitambaa, akinyoosha mkono kupokea wembe ambao haukuja. Walipomaliza kinyozi alisema, kwa furaha ya mtu asiyejua anachokisema, kwamba Dada wa Mazoezi ameona pale karibu na kliniki pana kivuli kizuri, watu wanapita wengi, angeweza kuhamishia kazi huko.

"Na mimi?" Mkongojo aliuliza.

"Wewe utapumzika."

Neno hilo la kupumzika lilimkata maini. Siku hiyohiyo alizichukua zile soksi, akazipaka sabuni ya mgao, ile ngumu inayochubua hata mikono, akazifikicha, akazikamua povu likiwa bado ndani, akazianika. Maji ya kusuuzia yalikuwepo. Aliyamwaga njiani ili vumbi litulie.

Hakuwa na mpango mkubwa. Alichotaka ni mumewe achoke kidogo, aukinai mguu, yule wa raba nyeupe auhesabu kuwa umeshindikana, na mambo yarudi yalivyokuwa. Aliendelea hivyo kila alipofua. Kigutu kikaanza kuwasha, kikawa chekundu, kikatoka vipele. Kinyozi aliuvua mguu akautundika kwenye msumari, akanyoosha mkono wake wa kulia. Mkongojo akajipenyeza chini yake kabla hajaombwa.

Zile siku chache alikuwa na raha ya ajabu. Waliteremka kwenda kliniki polepole, bega lake likiuma kama zamani, na maumivu yale aliyakaribisha. Aligeuza vichwa vya wateja, akakosha wembe, akataniana na kila mtu, hata Redio alimpa kikombe cha sukari bila kumwuliza atairudisha lini. Mumewe alimtazama akifanya hayo yote. Alimtazama sana.

Dada wa Mazoezi aliwafuata nyumbani. Alikagua kigutu, akaishika soksi iliyokuwa kambani, akaipeleka puani, akairudisha. Aliuliza bombani maji yanatoka saa ngapi siku hizi. Mkongojo alijibu kwamba yanatoka yakitaka. Dada wa Mazoezi akatikisa kichwa, akashauri mguu upumzishwe mpaka wekundu uishe, akaenda zake. Kesho yake mfagiaji wa kliniki akaja na dumu kubwa lililojaa maji.

"La nani?" aliuliza Mkongojo.

"Dada wa Mazoezi kasema la hapa. Na kila asubuhi litakuja jingine."

Mkongojo alisimama mbele ya lile dumu amefura. Kwa hiyo imefikia hapo, mwanamke mzima anampelekea mume wa mtu maji mpaka mlangoni, mchana kweupe, watu wanaona. Na watu walikuwa wakiona kweli, maana Redio alishaleta kigoda chake nje. Mkongojo aliyatumia maji yale yote kuoshea masufuria, na yaliyobaki akaogea miguu yake mwenyewe, taratibu, akiwa amekaa mlangoni.

Wekundu ulipopungua kinyozi aliuvaa tena mguu, juu ya soksi zilezile zilizokauka zikawa ngumu kama ganda la mkate. Safari hii vipele vilipasuka. Akaendelea kuuvaa. Mkongojo alimwona akikunja uso kila alipokanyaga, akangoja aseme basi, naye hakusema. Mpaka asubuhi moja alipomvua soksi ikakataa kutoka, na ilipotoka ilitoka na ngozi, na nyumba ikajaa harufu.

Daktari wa kliniki aliwapokea nyuma ya pazia. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye macho ya kutolala vizuri. Alisafisha kidonda, akabonyeza pembeni, akabonyeza tena juu zaidi.

"Dawa nitakupa, na leo tunaanza sindano," alimwambia kinyozi. "Lakini nisikufiche. Usaha huu ukizama mpaka mfupani, hapa kwangu sina la kufanya. Utapelekwa hospitali kubwa na watakata tena. Na safari hii watakata juu ya goti."

"Na ule mguu?" Mkongojo aliuliza.

"Ule hautamfaa tena. Bila goti ni habari nyingine kabisa. Wengi hawatembei tena vizuri."

Mkongojo alimrudisha mumewe nyumbani begani. Ile njia aliijua kila kokoto, na siku hiyo hakuiona. Uzito aliokuwa akiulilia ulikuwa pale pale begani, wote, na kila hatua aliona ni kama anajibeba yeye mwenyewe na uovu wake. Alimkalisha mumewe kwenye stuli, akazikusanya soksi zote, akachukua dumu la kliniki la asubuhi ile, akakaa chini na beseni. Alisuuza. Povu likatoka, akamwaga. Likatoka tena, akamwaga tena. Ilikuwa aibu kuona soksi moja ndogo imehifadhi sabuni kiasi kile. Alisuuza mpaka maji yakawa meupe, na yalipokuwa meupe aliendelea tu, kwa sababu hakujua afanye nini kingine kwa mikono yake.

Kinyozi alikuwa akinoa wembe wake kwenye mkanda.

"Hizi soksi," alisema Mkongojo bila kuinua uso, "sikuwa nazisuuza. Nilikuwa naacha sabuni. Makusudi."

"Najua."

Mkongojo aliinua uso.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu ya kwanza. Mke wangu, mimi ni kinyozi. Nimepaka watu sabuni maisha yangu yote. Ngozi ikitoka vipele, nikitazama tu najua hii ni kazi ya wembe na hii ni kazi ya sabuni."

Na ni kweli, katika hila zake zote hilo hakulifikiria. Alilala na kinyozi, alikula kwa kazi ya kinyozi, akaamua kumficha kinyozi habari za sabuni.

"Mbona hukusema?"

Kinyozi alinoa wembe kidogo, akauacha.

"Nilikuona unavyocheka mguu ukiwa msumarini. Hukuwa umecheka hivyo tangu huo mguu ulipokuja. Nikasema, nikimwambia ataona haya, na huyu akiona haya hakai, ataondoka. Basi nikavaa." Alipangusa wembe kwenye goti lake, lile ambalo daktari alikuwa akilitolea shauri. "Kukosa mguu nimeshazoea. Kukosa wewe sijawahi kujaribu."

Ningependa kuwaambia kwamba Mkongojo aliangua kilio akamkumbatia. Hakufanya hivyo. Alishikwa na hasira ambayo hajapata kuwa nayo. Aliinuka na soksi mkononi, maji yakichuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Wewe una akili kweli?" alisema. "Ukatwe paja ili mimi nisione haya? Nani kakutuma? Mimi nimekosea, sawa, nimekosea, lakini angalau mimi nilikuwa na wivu. Wewe ulikuwa na nini?"

"Huohuo," alisema kinyozi.

"Wa nani, sasa? Nani kambi nzima amenitazama mimi?"

"Sijui. Ila ningekuwa na miguu miwili ungeweza kwenda popote. Wewe ulinichukua kwa sababu nilikuwa chini."

Mkongojo alizianika zile soksi kivulini, moja moja, akazinyoosha mikunjo kwa kiganja, kisha akajitanda khanga na kwenda kliniki peke yake.

Dada wa Mazoezi alikuwa akikunja mikeka. Mkongojo alisimama mlangoni, mahali alipokuwa akizuiwa.

"Vile vidonda ni vyangu," alisema. "Nilikuwa siondoi sabuni."

"Nilinusa," alisema Dada wa Mazoezi. "Nikajua maji hayawatoshi. Ndiyo maana nikawa naleta dumu."

Hilo dumu. Mkongojo alikumbuka miguu yake mwenyewe, safi, inang'aa mlangoni. Angeweza kuishia hapo, na lawama zote zingebaki bombani.

"Si maji," alisema. "Ni wivu."

"Wivu wa nani?"

"Wako. Alikuwa anacheka humu na wewe."

Dada wa Mazoezi aliacha mkeka. Kwa muda hakuwa na uso wa huruma hata kidogo, na alikuwa na haki. Alimwambia kwa maneno makavu kwamba mtu angeweza kufa kwa jambo lile, kwamba usaha haujui mapenzi, na kwamba kuanzia leo soksi zitaletwa kwake zikaguliwe kabla hazijavaliwa. Mkongojo alipokea yote ameinamisha kichwa. Kisha yule mwanamke akapumua.

"Unataka kujua anacheka nini? Njoo huku."

Alimsimamisha mbele ya kile kioo kirefu, katikati ya vyuma.

"Mumeo anaegemea kulia. Hakuna kitu kulia, ni hewa tu, lakini kila akitaka kupiga hatua mwili unakwenda huko kukutafuta wewe. Kila siku namwambia, hapo hapana mtu. Ananiambia, yupo. Anajiona kwenye kioo ameegemea hewa, anacheka mpaka anaanguka. Nyonga namshika kwa sababu hiyo. Sijawahi kupata mgonjwa mkaidi kama huyo." Kisha akamtazama Mkongojo kwenye kioo. "Hebu simama wima."

"Nimesimama."

"Hujasimama. Tazama bega lako."

Mkongojo hakuwahi kujiona mzima. Nyumbani walikuwa na kipande cha kioo cha kutosha kidevu. Alijitazama, akaona bega la kushoto limezama chini, shingo imevutwa upande, na mwanamke mzima amekaa mshazari kama mlango uliokatika bawaba ya juu.

"Linauma?" aliuliza Dada wa Mazoezi.

"Si sana," alisema Mkongojo, na ghafla machozi yakamtoka, kwa sababu lilikuwa likiuma miaka yote na hakuna aliyewahi kumwuliza.

Kidonda kilichukua muda wake. Palikuwa na sindano, palikuwa na siku ambazo daktari alibonyeza na kunyamaza, na Mkongojo alisuuza soksi ambazo hazikuwa na wa kuzivaa. Usaha haukufika mfupani. Asubuhi moja daktari alibonyeza, akasema "haya," akawaita wanaofuata, nao wakajua kwamba goti limepona. Redio aliieneza habari hiyo kambini kabla wao hawajafika nyumbani.

Siku kinyozi aliporuhusiwa kuuvaa mguu tena, walikwenda chumba cha mazoezi wote wawili. Dada wa Mazoezi alimtembeza kwenye vyuma kwa muda mfupi, kisha akafungua mlango.

"Wewe leo basi. Katusubiri benchini. Sasa zamu ya bega."

"Bega gani?" aliuliza kinyozi.

"La mkeo. Toka."

Akatoka. Ndani, Mkongojo alilazwa, akakunjwa, akaamriwa ainue mkono, ashushe, asukume ukuta. Vidole vya yule mwanamke vilipita kwenye lile bega kama vilikuwa na ramani yake. Walipokuwa wakipumzika Mkongojo alishindwa kujizuia, akauliza lile lililokuwa likimsumbua tangu mwanzo, zile raba huwa zinabaki vipi nyeupe. Dada wa Mazoezi alitupa jicho mlangoni, akainama, akamnong'oneza kwamba anazipaka dawa ya meno kila alfajiri, na kwamba wiki iliyopita dawa ilimwishia, akapiga mswaki kwa chumvi ili raba zisikose. Mkongojo alicheka mpaka akashika chuma. Alicheka kutoka tumboni, na mwenzake naye akacheka.

Alipotoka, mumewe alikuwa amekaa benchini, mguu mpya kaunyoosha mbele, uso hauna furaha.

"Mlikuwa mnacheka nini humo ndani?"

Aliuliza kama mtu asiyejali, akitazama pembeni, akichezea mkanda wa mguu. Mkongojo aliijua sauti ile. Aliijua neno kwa neno, kwa maana alikuwa ameishi nayo kwenye benchi lilelile. Angeweza kumwambia habari za dawa ya meno, na ingekuwa imekwisha.

"Mambo ya mazoezi," alisema.

Akapita mbele yake, bega likiwa limenyooka kidogo kuliko jana, akashika njia ya nyumbani. Nyuma yake alisikia mguu mpya ukiharakisha juu ya kokoto, wala hakupunguza mwendo.